Somo la Simuni na Pumzi ya Mtoto

Mkunga wa Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, akiitwa semina Mpanda mjini, hulazimika kuiacha zamu yake. Kwa hiyo mafunzo ya mtandaoni yana thamani kubwa Katavi, mkoa uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012.

Hata hivyo, kuhamishia kitabu kwenye simu hakutoshi. Kozi bora huanzia kwenye kazi yenyewe: mtoto mchanga asiyepumua hupaswa kusaidiwa kupumua ndani ya dakika 1 baada ya kuzaliwa. Somo na liwe fupi, la Kiswahili, linalopakuliwa penye mtandao na kusomeka hata mtandao ukikatika. Limuulize mkunga: umemkausha, umemsugua mgongo, bado hapumui, utafanya nini? Kisha aweke simu chini, ashike mfuko wa kupumulishia, ajizoeze kwa mwanasesere mbele ya mwenzake. Mazoezi mafupi ya mara kwa mara hukaa mikononi kuliko semina moja ndefu.

Nawe mama mjamzito, ukimkuta mkunga akisoma simuni kliniki ikiwa imetulia, usimdhanie mvivu. Huenda anajiandaa kumpokea mwanao.