Diski ao kutelesharje: feza yako inamfikia nani, na nini kinabaki?

Kwa miaka mingi, wakaaji wa Fizi na Baraka waliotaka filamu ao konseri nyumbani walinunua diski. Zingine zilipita Bujumbura na Uvira, zingine zilivuka ziwa Tanganyika kutoka Kigoma. Watu wengi wa kwetu walikimbilia Tanzania, zaidi kwenye kambi ya Nyarugusu iliyofunguliwa mwaka 1996, na huko walizoea filamu za Bongo. Hata leo jina la Steven Kanumba, aliyefariki Aprili 2012, si geni kwetu.

Siku hizi mambo yamegeuka. Mwenye mega anapakua mwenyewe, ao kama tunavyosema mtaani, anatelesharje. Asiye na mega anapeleka flashi ao kadi ya telefone kwa kijana mwenye kompyuta, analipa kidogo, anajaziwa filamu nyingi. Basi njia gani inafaa? Tuangalie mambo matatu.

Ya kwanza ni gharama. Diski ya VCD inabeba mega 700 hivi, DVD ya kawaida inabeba giga 4,7. Ukipakua filamu ya saa moja na nusu yenye picha ya chini, inaweza kula mega 300 mpaka 500. Ukitaka picha safi, inapita giga 1. Konseri ya saa mbili inakula zaidi. Kwa hiyo, mbele ya kubonyeza, uliza bei ya giga moja kwenye mtandao wako, kisha linganisha na bei ya diski. Kumbuka pia kwamba mtandao ukikatika katikati, mara nyingine kazi inaanza upya, na mega zilizokwisha hazirudi. Upande mwingine, diski inaomba mashine, televisheni na umeme wa kutosha. Telefone inatosheka na sola ndogo.

Ya pili ni msanii. Wengi wanafikiri kununua diski ni halali na kupakua ni wizi. Sivyo hivyo. Mtu akikopia diski moja mara mia moja na kuuza sokoni, mwenye kazi hapati hata franka moja, ijapokuwa wewe umelipa. Tena kuna kupakua kwa halali: programu za kulipia, ao wasanii wanaotoa kazi zao wenyewe kwenye intaneti. Swali la kuuliza ni moja: je, mwenye kazi amekubali?

Sheria iko. Inchini Kongo, sheria ya tarehe 5 Aprili 1986 kuhusu haki za watunzi inalinda miziki, filamu na kazi zingine, na kukopia kwa biashara kunaomba ruhusa ya mtunzi. Shirika la SOCODA, lililoundwa mwaka 2011, ndilo lenye kazi ya kukusanya haki hizo. Tanzania, tangu mwaka 2013, ilianza kubandika stempu ya ushuru kwenye CD na DVD za miziki na filamu. Basi ukinunua diski iliyotoka Kigoma, stempu hiyo ni alama moja ya kukusaidia.

Ya tatu ni kubaki. Hapa ndipo wengi wanasahau. Diski uliyonunua ni yako: unaweza kuazimisha jirani ao kuuza tena. Lakini vumbi inaikwaruza, na jua kali inaharibu zaidi zile zilizokopiwa kwa kompyuta. Filamu uliyopakua ndani ya programu ya kulipia mara nyingi inafungiwa humo humo. Ukiacha kulipa, haifunguki tena. Na ile iliyo kwenye kadi inapotea siku telefone inaibwa ao inaanguka majini.

Filamu ya Marekani ao ya Nijeria ikipotea, si neno kubwa. Kuna mwingine anayo. Lakini video ya korali ya kijiji inayoimba kwa Kibembe, harusi ya mtoto wako, ao sauti ya mzee akisimulia habari za ukoo, hizo hazipatikani sokoni wala kwenye intaneti. Familia ikikimbia vita na telefone ikabaki njiani, hakuna pahali pa kutelesharje tena. Ni kwisha.

Kwa hiyo, kwa filamu na konseri za wengine, chagua njia iliyo nafuu kwako na inayomfikia mwenye kazi. Kwa kazi zetu wenyewe, usitegemee kopi moja. Weka tatu: moja kwenye telefone, moja kwenye flashi ao diski inayokaa nyumbani pakavu, na ya tatu kwa ndugu anayeishi mji mwingine. Andika juu yake jina la korali ao la familia, pahali na mwaka. Kila mwaka fungua flashi na uone kama bado inasoma, kwani nayo inachoka.

Na nyinyi wa korali, mukitoa nyimbo mupya, uzeni kopi zenu wenyewe siku ya kuzindua, mbele nyimbo hazijaanza kupita toka telefone hadi telefone. Zikishaanza kupita, hakuna atakayerudi kulipa.