Fahamu: Kwa nini mtoa huduma huongeza lebo ya pili ya VLAN
Lebo ya VLAN katika kiwango cha IEEE 802.1Q ina biti 12 za namba ya utambulisho, hivyo namba zinazotumika ni 4,094 tu. Kwa ofisi moja zinatosha na kusaza. Kwa kampuni inayounganisha matawi ya maelfu ya wateja hazitoshi, tena wateja wawili wanaweza kuchagua namba ileile. Kiwango cha 802.1ad huondoa mgongano huo: swichi ya mtoa huduma huacha lebo ya mteja ilivyo, huweka yake juu, kisha huondoa lebo hiyo ya juu fremu inapotoka upande wa pili.

Wapo wanaosema MPLS na VXLAN zimeifanya mbinu hii ipitwe na wakati. Hoja yao ina uzito, kwani swichi za mtoa huduma bado hujifunza anwani za MAC za wateja, na majedwali hujaa. Lakini kwa mtandao wa mji mmoja, lebo mbili ni nafuu na rahisi kusimamia. Linalosahauliwa mno ni ukubwa: kila lebo huongeza baiti 4, fremu ya baiti 1,518 hufika 1,526, na swichi isiyoandaliwa huitupa. Fundi, kagua MTU ya kila kiungo kabla ya kumuunganisha mteja.