Gawa kwa Idadi ya Watu

Shemeji yangu anakaa Kunduchi, Dar es Salaam. Tukikutana kwenye shughuli hunishika mkono: "Mwalimu, hamia huku kwetu Kinondoni. Huko Temeke watawamaliza." Nimefundisha hesabu Mbagala miaka 22, na jibu langu ni swali lile lile ninalowauliza wanafunzi. Wameuawa wangapi, katika watu wangapi?

Mji wenye watu wengi utakuwa na misiba mingi, hilo halina mjadala. Kwa hiyo ukitaka kulinganisha miji, chukua waliouawa kwa mwaka, gawa kwa idadi ya wakazi, kisha zidisha kwa 100,000. Mwaka 2021 Chicago, yenye watu wasiofika milioni 3, ilizika takribani watu 800 waliouawa. London ina watu karibu milioni 9, na mwaka huo waliouawa hawakufika 150. Chicago inapata karibu 30 kwa kila watu 100,000, London hata wawili hawatimii.

Kwetu shida huanzia kwenye kile tunachogawia. Sensa ya 2012 iliikuta Kinondoni na watu 1,775,049. Ya 2022 ikakuta 982,328. Hakuna aliyehama. Ubungo ilimegwa humo ikawa wilaya, nayo ikahesabiwa watu 1,086,912, kama Temeke ilivyomegwa Kigamboni. Polisi nao wana mipaka yao: Kanda Maalumu ya Dar es Salaam ina mikoa mitatu ya kipolisi, Kinondoni, Ilala na Temeke, wakati wilaya ni tano. Ukichukua mauaji ya mkoa wa kipolisi wa Kinondoni, unaobeba na Ubungo, ukayagawa kwa wakazi wa wilaya ya Kinondoni peke yao, utamtia hofu shemeji yangu maradufu bila damu ya ziada kumwagika.

Na hofu haingoji hesabu. Januari 2015 uvumi wa genge la Panya Road uliwafungisha watu milango Magomeni, Sinza na kwingineko jioni moja, maduka yakashushwa mageti, wengi wakikimbia vijana wenye mapanga ambao hawakuwaona. Septemba 2022 mapanga yalikuja kweli, usiku, yakaingia hadi Kawe. Kawe ni Kinondoni. Shemeji hakuhama, wala mimi sikumwambia ahame. Nilimpigia simu kila usiku wiki ile.

Linaloniuma zaidi ni wale tusiowaita waliouawa. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimeripoti kwa miaka mingi vifo vya watu waliopigwa au kuchomwa na wananchi wenye hasira, na kuna miaka idadi ilikuwa mamia nchi nzima. Mtaani tunasema "kibaka kachomwa", tunapita.

Asubuhi moja nikielekea kazini nilimkuta mmoja pembeni ya barabara, Rangi Tatu. Tairi lilikuwa limebaki nyaya tu, limemkaa kifuani. Mguu mmoja ulikuwa na kandambili ya bluu, haikushika moto. Hatua kumi kutoka pale mama aliendelea kugeuza vitumbua, na watoto wenye sare walisimama foleni. Nikauliza ni nani. "Mwizi wa simu tu, mwalimu."

Siku hiyo kipindi cha kidato cha tatu kilikuwa cha takwimu. Niliwaambia wataje watu waliouawa kwenye kata yetu tangu Januari ili tupate kiwango. Wakataja dereva wa bodaboda aliyenyang'anywa pikipiki, na mwanamke aliyeuawa na mumewe. Nikaandika mbili ubaoni.

Binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, na yule wa leo asubuhi tumweke?"

Darasa likaanza kelele. Mwizi, mwizi! Nikanyamaza mpaka wakanyamaza, nikamwita mbele, nikampa chaki. Akafuta mbili, akaandika tatu.