Je, Dunia Ilipata Kuwa na Wastaarabu Kabla ya Binadamu?

Mnamo mwaka 2018 wanazuoni wawili wafanyao kazi Marekani, Gavin Schmidt na Adam Frank, walitoa makala iliyouliza swali ambalo kwa dhahiri lake lafanana na ngano: lau kabla ya binadamu kwa mamilioni ya miaka kungalikuwako viumbe wengine wenye miji na viwanda, sisi tungalijuaje? Wao wenyewe hawakuitakidi kwamba viumbe hao walikuwako. Muradi wao ulikuwa kupima nguvu ya ushahidi.

Magofu tusiyatarajie, kwani ardhi si mwekaji mwaminifu wa amana: mvua na upepo huitafuna, na sakafu ya bahari huzama tumboni mwa dunia, hata ikawa nadra kuipata yenye umri uzidio miaka milioni 180. Kiwezacho kusalia ni athari za kikemia katika matabaka ya miamba, kama vile chembe za plastiki, uwiano wa kaboni uliogeuka, na plutoni-244, ambayo nusu yake hutoweka kwa muda wa miaka milioni 80.

Hata hivyo dalili hutaka tahadhari. Mwaka 1972 Wafaransa walibaini kwamba urani ya Oklo, nchini Gabon, ilikuwa imewaka kinyuklia yapata miaka bilioni 2 iliyopita. Lakini waliotenda hayo walikuwa maji na madini, wala si mkono wa fundi.

Basi hukumu ya insafu ni hii: ushahidi wa wastaarabu waliotutangulia haujapatikana, na asiye na ushahidi hana dai.