Kiti kinachomrusha rubani kina somo kwa mgongo wa mtoto wako

Watoto wa Njiro hawashangai ndege. Vindege vidogo vinapaa kila siku kutoka uwanja wa Kisongo kupeleka watalii Serengeti. Wakiwasha runinga wanamwona rubani wa kivita akirushwa nje pamoja na kiti chake, kisha mwavuli unafunguka. Hapo mzazi anaulizwa: "Kile kiti kinarukaje? Na mbona ndege ya abiria haina?"

Jibu lake lina fizikia kidogo, lakini lina afya nyingi kuliko unavyodhani.

Na haya si ya kwenye filamu tu. Februari 2015, ndege ya kivita ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania ilianguka katika Uwanja wa Ndege wa Mwanza. Ilielezwa kuwa ndege yule mwenye manyoya aliingia kwenye injini wakati wa kuruka. Rubani alijirusha, akaokoka.

Sekunde chache tu

Rubani anavuta mpini, ambao kwenye viti vingi uko katikati ya mapaja. Mikanda inamvuta mabega yashikane na kiti, na miguu inabanwa isipeperushwe na upepo. Kioo cha juu kinafyatuliwa au kinapasuliwa kwa baruti.

Kisha baruti iliyo nyuma ya kiti inakisukuma juu kwenye reli zake, na roketi iliyo chini inaendeleza safari. Mwavuli unafunguka, kiti kinaachia na kudondoka peke yake. Viti vya kisasa vinaweza kumwokoa rubani hata ndege ikiwa imesimama ardhini.

Ndege za abiria hazina viti hivi kwa sababu kila kimoja kina baruti, ni kizito na ni ghali, na anayekitumia lazima awe amefunga mikanda maalumu, amevaa kofia ngumu na amefundishwa. Fikiria bibi na mtoto mchanga wakirushwa kupitia paa la ndege yenye watu 150.

Mgongo ndio unaoumia

Kwa muda mfupi sana, kiti kinamsukuma rubani kwa nguvu inayoweza kufika mara 12 hadi 20 ya uzito wake. Mwenye kilo 70 anakuwa kama ana kilo 840 au zaidi, na mzigo wote unashuka kwenye pingili za uti wa mgongo. Ndiyo maana anafundishwa kunyoosha mgongo na kuegemeza kichwa kabla ya kuvuta mpini. Aliyeinama yuko hatarini zaidi kuvunjika pingili, hasa pale kifua kinapokutana na kiuno.

Hata akitua akiwa anatembea na kucheka, madaktari humlaza na kumpiga picha ya mgongo kwanza. Pingili inaweza kupasuka na mtu akasimama, kisha akatikiswa vibaya na mishipa ya fahamu ikaumia.

Mzazi, hapo ndipo lilipo somo lako. Mtoto akidondoka kutoka juu ya mparachichi na kufikia makalio au miguu, nguvu inapanda kwenye mgongo wake kwa njia ileile. Sisi tunafanyaje? Tunamnyanyua msobemsobe, tunamkalisha, tunamwambia atembee tuone. Kisha tunampakia mshikaki kwenye bodaboda, katikati ya watu wawili. Usifanye hivyo.

Fanya haya:

• Hakikisha anapumua. Kupumua kunatangulia mgongo.

• Mwache alale alivyo, isipokuwa kama kuna moto, magari au hatari nyingine.

• Mtu mmoja ashike kichwa kwa mikono miwili, kisigeuke.

• Akitapika, mgeuzeni ubavu watu kadhaa kwa pamoja, kichwa, mabega na nyonga vikienda sawa.

• Mwambie akunje vidole vya miguu, na muulize kama anahisi ganzi. Usimwinue kujaribu.

• Tafuta gari la wagonjwa. Likikosekana, mlazeni juu ya ubao mpana au mlango uliong'olewa, mkimnyanyua kwa pamoja, na mtumie gari analoweza kulala. Kwa uokoaji, Zimamoto wanapatikana kwa namba 114.

Mpeleke hospitali siku hiyohiyo akilalamika maumivu katikati ya mgongo au shingo, ganzi, miguu kukosa nguvu, au akijikojolea bila kujua. Usisubiri kuona kama kuchua kwa dawa kutasaidia. Mgongo ulioumia hauchuliwi.

Mwanao akiuliza tena kuhusu kile kiti, mwambie kinaokoa maisha kwa sekunde chache. Kisha mwambie na hili: mwenzake akidondoka mtini asimvute mkono ainuke. Akimbie kumwita mtu mzima.