Muziki wa Filamu: Shilingi Yako Iende Wapi?

Shabiki wa muziki wa filamu hupoteza fedha nyingi zaidi kwa kununua kitu sicho kuliko kwa bei kuwa juu. Chukua The Lion King ya mwaka 1994. Hans Zimmer alipata Oscar kwa muziki aliouandikia filamu hiyo, lakini albamu iliyouzwa kwa mamilioni ilijengwa juu ya nyimbo za kuimbwa za Elton John na Tim Rice. Vipande vya Zimmer mwenyewe vilikuwa vinne tu. Aliyetaka kusikia kazi yake kwa mapana alingoja miaka 20, hadi Walt Disney Records walipotoa CD mbili katika mfululizo wao wa Legacy Collection mwaka 2014. Leo ukiandika jina la filamu hiyo kwenye simu unaletewa albamu ya 1994, ya 2014, na ya filamu iliyorudiwa 2019, zote zikiwa na simba kwenye kava.

Black Panther ya 2018 ina mtego huohuo. Albamu moja ni ya Kendrick Lamar na wenzake wa hip hop. Nyingine ni ya Ludwig Göransson, aliyekwenda Senegal, akasafiri na mwanamuziki Baaba Maal, akarudi na ngoma inayozungumza kwa ajili ya shujaa T'Challa na filimbi ya Kifulani kwa ajili ya adui yake Killmonger. Iliyompa Oscar ni hii ya pili. Ukimwambia rafiki "sikiliza muziki wa Black Panther" bila kumtajia mtunzi, umempeleka nusu ya njia.

Basi kabla ya kuuliza bei, uliza rekodi. Na sisi wa Afrika Mashariki tuna mfano wetu mzuri: Hatari! ya Howard Hawks, iliyopigwa picha Tanganyika, kwenye nyanda za Arusha na Momella, ikatoka 1962. Henry Mancini aliandika muziki wake, na kile kipande cha watoto wa tembo wakienda kuoga, chenye kinanda cha sarakasi na klarineti nyembamba inayochechemea, kimesikika hadi kwa watu wasiojua kwamba filamu hiyo ipo. Lakini santuri ya RCA ya mwaka huo haikuwa muziki uliomo ndani ya filamu. Mancini alikuwa na desturi ya kuingia studio upya na kupiga toleo laini zaidi kwa ajili ya wanunuzi wa rekodi. Muziki wenyewe wa filamu, ule wa kufukuza vifaru vumbi likitimka, ulikuja kutolewa na kampuni ya Intrada ya California miongo kadhaa baadaye. Vyote viwili ni vizuri. Mimi nikilazimishwa kuchagua nitachukua wa Intrada, kwa sababu ngoma zake zina uzito ambao santuri iliuondoa.

Sasa tuje kwenye bei.

Njia nafuu kabisa ni kulipia huduma ya kusikiliza kwa intaneti. Spotify ilifunguliwa Kenya, Tanzania na Uganda mwaka 2021, na malipo ya mwezi kwa mtu mmoja katika nchi zetu ni dola chache tu, wakati Marekani ni zaidi ya dola 10. Apple Music nayo inatoa ubora wa CD bila nyongeza tangu 2021. Kuna vifurushi vya familia vya hadi watu sita, ila sharti la Spotify ni kwamba wote waishi nyumba moja. Kundi la marafiki waliotawanyika mitaani halihesabiki.

Gharama iliyojificha ni bando. Ubora wa kilobiti 96 kwa sekunde hula takriban MB 43 kwa saa. Ubora wa 160 hula MB 72, na ule wa juu wa 320 hula MB 144. Maana yake GB moja inakupa karibu saa 23 kwa ubora wa chini, au saa 7 kwa ubora wa juu. Kwa taarabu au bongo fleva unaweza kuishi na 96. Kwa okestra usijidanganye: fidla zinapopiga kwa pamoja, ubora mdogo huzigeuza mchanga unaochekechwa. Pakua albamu nzima kwa 320 ukiwa kwenye Wi-Fi, usikilize hata mara 50 bila kulipa tena. Na usikubali toleo la bure lenye matangazo kwa muziki wa aina hii. Mtunzi Morricone katika Once Upon a Time in the West anaupandisha muziki polepole kwa dakika kadhaa kabla haujafika kileleni. Tangazo la sabuni likiingia katikati, limekiharibu kilichojengwa.

Vipo pia vibanda vya kujaziwa nyimbo kwenye flash. Nimeona bei zake na naelewa kwa nini watu huenda. Lakini mafaili yake hayana majina sahihi, ubora wake ni wa kubahatisha, na karibu kila kitu chenye fidla na ngoma kubwa huandikwa "Hans Zimmer", hata kama ni cha Jerry Goldsmith au James Horner. Mtunzi hapati senti, na wewe hujui umempenda nani.

Kabla ya kuongeza hata shilingi moja kwenye muziki, nunua kitu cha kusikilizia. Hapa ndipo fedha hufanya kazi kubwa kuliko popote. Katika Interstellar ya 2014 Zimmer alitumia kinanda cha bomba cha Temple Church, London, na sauti zake za chini kabisa hazisikiki kwenye spika ya simu. Hazipo, simu haiwezi kuzitoa. Watu wameniambia muziki ule ni wa kurudiarudia, kisha nikagundua wameusikiliza kwenye simu iliyowekwa mezani. Hedifoni za waya za kufunika sikio zima, za dola 20 hadi 50 za kampuni inayoaminika, zitakupa zaidi ya mwaka mzima wa kulipia ubora ambao simu yako haiwezi kuutoa. Wengi wetu tulizijua filamu kwenye mabanda ya video, mtafsiri akizungumza juu ya kila kitu kwa ustadi wake. Raha ile naiheshimu, lakini muziki ulizama chini yake. Kuusikia peke yake kwa mara ya kwanza, masikioni, ni kama kukutana na filamu nyingine.

Kisha zipo CD, na hapa ndipo mashabiki wa kweli huungua mifuko. Kampuni ndogo kama Intrada, La-La Land Records na Varèse Sarabande za Marekani, Quartet ya Uhispania na Music Box ya Ufaransa hutafuta kanda za zamani kwenye maghala ya studio, huzisafisha, na kutoa muziki wote wa filamu kwa nakala chache, mara nyingi kati ya 1,000 na 3,000. CD moja huuzwa dola 20 au zaidi kidogo, mbili pamoja dola 30 hadi 35. Bei hiyo ina sababu. Studio inalipwa haki zake, wanamuziki waliopiga hulipwa tena kwa mujibu wa mikataba ya chama chao, na fundi hukaa na kanda zilizochakaa kwa wiki nyingi. Gawanya gharama hizo kwa nakala 2,000 utaona hakuna anayetajirika.

Unachopata na usichokipata kwenye simu ni kijitabu. Fungua toleo lolote zuri la kampuni hizi: kurasa 20 au zaidi, picha za mtunzi akiongoza okestra, na maelezo ya kila kipande, kimechezwa wapi kwenye filamu, kipi kilikatwa na mwongozaji na kwa nini. The Ghost and the Darkness ya 1996, ile ya simba wa Tsavo waliosumbua ujenzi wa reli mwaka 1898, ni muziki ambao Goldsmith aliufuma kwa lahani ya Kiairishi ya mhandisi Patterson na sauti za waimbaji wa Kiafrika. Albamu ya kwanza iliubana. Intrada waliutoa kwa upana, na ukiusikiliza kwa mpangilio wa filamu unasikia jinsi ile lahani ya Kiairishi inavyomezwa kadiri simba wanavyozidi kuua. Hilo haliwezi kusikika kwenye orodha ya vipande vilivyochanganywa.

Lakini piga hesabu yote kabla ya kubofya. Nauli ya posta kutoka Marekani kwa CD moja inaweza kukaribia bei ya CD yenyewe. Ikifika, forodha hukadiria kodi juu ya bei pamoja na nauli na bima, na VAT ni asilimia 16 Kenya, 18 Tanzania Bara na Uganda, ukiacha ushuru wa forodha wenyewe. CD ya dola 22 inakufikia ikiwa imevuka 45 bila taabu. Toleo likiisha, wanaouza tena huomba dola 80 au 100, na hapo ushauri wangu ni mmoja: subiri. Kampuni hizi hurudia kutoa filamu zilezile kwa kanda bora zaidi, na siku toleo jipya linapotangazwa, bei ya lile la zamani huanguka.

Santuri nitazipita haraka. Ni nzuri kutazama, bei yake ni dola 30 hadi 40, na upande mmoja hubeba karibu dakika 20 kisha uinuke ugeuze. Kwa uzito wake nauli ni kubwa kuliko ya CD, na kwa joto la Mombasa, Tanga au Muscat hujipinda ikisahaulika kwenye gari. Anayeishi Ulaya, akiziokota kwa pauni mbili tatu kwenye maduka ya mitumba, ana sababu ya kuzipenda. Wa huku aziache.

Suala linalogawanya mashabiki zaidi ni rekodi zilizopigwa upya. John Barry ndiye mtunzi aliyetupa Kenya mbili: Born Free ya 1966, iliyomletea Oscar mbili, moja ya muziki na moja ya wimbo, na Out of Africa ya 1985, iliyomletea nyingine. Albamu yake ya 1985 ni fupi, nusu saa na kidogo, na ndani yake kuna Mozart na wimbo wa kuimbwa ambao si kila mtu anautaka. Mwaka 1997 Joel McNeely aliirekodi upya na Royal Scottish National Orchestra kwa Varèse Sarabande, ikiwa na vipande ambavyo albamu ya kwanza haina na sauti safi zaidi. Ni ya kununua. Lakini kwa safari ya ndege juu ya nyanda, ile ambayo waimbaji huingia bila maneno, narudi kwa Barry mwenyewe. Anaziachia fidla zivute pumzi kabla ya kupanda, na hakuna aliyemfuata kwa subira ile. Sikiliza zote mbili kwa intaneti, kisha ulipie CD ya ile iliyokukamata. Kanuni hiyo naitumia kwa kila rekodi iliyopigwa upya.

Matamasha ni anasa ya walio karibu nayo. Ndugu zetu wa Ghuba walimwona Zimmer na bendi yake Coca-Cola Arena ya Dubai mwaka 2023. Walioko London wana Royal Albert Hall, ambako filamu nzima huonyeshwa na okestra ikipiga muziki wake papo hapo, kwa tiketi za kuanzia karibu pauni 40 hadi kupita 100. Kraków huko Poland kuna tamasha la muziki wa filamu tangu 2008. Kama ni mara moja tu maishani, mimi ningechagua filamu na okestra kuliko onyesho la bendi. Zimmer jukwaani ni moto, spika na taa. Ukumbini na okestra unaona wapiga fidla 30 wakitulia kimya wakati wa mazungumzo, kisha pinde zikainuka pamoja, na unaelewa kazi ya mtunzi ni ipi.

Kusafiri kwa ajili hiyo tu kutoka Nairobi au Dar siwezi kukushauri. Fedha ya tiketi na ndege ingenunua CD za kundi zima la marafiki. Na kundi ndilo linalopunguza bei kuliko punguzo lolote la dukani. Tuseme watu watatu wanaagiza CD sita kwa mzigo mmoja, na nauli ya boksi ni dola 36: kila CD inabeba dola 6 badala ya 18. Au mtafuteni mtu anayekuja. CD na kasha lake ni gramu 100 hivi, na karibu kila familia ina shangazi Minnesota au binamu Birmingham mwenye nafasi kwenye sanduku. Mwombeni kwa adabu na mapema, mzigo utumwe kwake kwanza, na msimbebeshe zaidi ya anachoweza kukieleza forodhani.

Mkutane kusikiliza, spika moja nzuri, albamu moja hadi mwisho, simu zimezimwa sauti. Mwanzoni msimlazimishe mgeni na saa mbili za CD mbili. Mpeni kipande cha tembo cha Mancini, ndege ya Barry, kisha dakika tatu za Psycho ya Bernard Herrmann, aliyeandika kwa ala za nyuzi peke yake mwaka 1960 na kumtisha kila aliyekaa ukumbini. Atasema mwenyewe anataka nini baadaye. Na CD mkiazimana, andikeni kwenye daftari nani kachukua ipi na kijitabu chake, kwa sababu toleo la nakala 2,000 likishaisha, fidia ya iliyopotea ni dola 80 kwa muuzaji asiyemfahamu mtu yeyote kati yenu.