Kilichoizunguka Atomi

Februari 2022, jarida la Nature lilichapisha kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, waliotafuta handaki kwa kutumia atomi. Handaki hilo la mita 2 lilipita chini ya barabara, katikati ya majengo ya ghorofa. Kwamba lipo walilijua tangu mwanzo. Walichotaka kujua ni kama chombo chao kingeliona kikiwa nje, kwenye upepo na kelele za mji. Walipima kwenye mstari wa mita 8.5, kila nusu mita, na handaki likaonekana.

Penye uwazi ardhini pana maada pungufu, kwa hiyo uvutano wa hapo hupungua kidogo sana. Chombo hupoza atomi za rubidi kwa leza hadi zibaki na joto la sehemu chache za milioni ya digrii moja juu ya sifuri halisi, kisha huziachia zianguke. Zikiwa bado zinaanguka, mipigo mitatu ya leza huligawa wimbi la kila atomi katika njia mbili, huzigeuza njia hizo zielekeane, halafu huzikutanisha. Namna mawimbi yanavyokutana ndiyo inayoeleza atomi zilivutwa kwa kiasi gani. Wanafizikia Mark Kasevich na Steven Chu walilionyesha jambo hili katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1991.

Kumbe fizikia yenyewe ilikwishafahamika miaka 30 kabla ya handaki la Birmingham. Kilichochukua muda ni kukitoa chombo maabarani, na hapo ndipo uhandisi wa mifumo unapoingia.

Adui wa kwanza ni mtetemo. Lori likipita, kioo kinachoirudisha leza hutikisika, na kwa chombo mtikisiko huo haupambanuki na badiliko la uvutano. Ndiyo maana Birmingham walitumia mawingu mawili ya atomi, moja juu ya jingine kwa umbali wa mita moja, yakipimwa na leza ileile. Ni kama watu wawili waliosimama ndani ya mtumbwi mmoja: wimbi huwapandisha na kuwashusha pamoja, lakini tofauti ya urefu wao haibadiliki. Ukitoa kipimo kimoja kwenye kingine, mtetemo unaondoka na tofauti ya uvutano inabaki.

Sasa tuangalie uamuzi mmoja tu: atomi zianguke kwa muda gani? Ukiuongeza muda maradufu, usikivu wa chombo huongezeka mara nne. Lakini katika sehemu ya kumi ya sekunde atomi huanguka kama sentimita 5. Katika sehemu mbili za kumi, karibu sentimita 20. Chemba ya ombwe inarefuka. Ganda la aloi ya nikeli linalozuia usumaku wa nje nalo linarefuka, na ganda hilo ni zito. Wakati huohuo wingu la atomi linazidi kutawanyika, na ishara inafifia. Aliyetaka usikivu zaidi anajikuta na chombo kisichobebeka, na mhandisi wa barabara aliyekihitaji hana haja nacho tena.

Mwanafunzi wa uzamivu katika uhandisi wa kwanta, yaani wa vyombo vinavyotegemea tabia za atomi kama hiki, hukaa kwenye mipaka hiyo, pale leza inapokutana na ombwe na ombwe linapokutana na betri. Huandika hesabu ya makosa: joto la lenzi limechangia kiasi gani, mwinamo kiasi gani, usumaku kiasi gani. Kisha hupasha lenzi joto makusudi aone kama hesabu yake ni ya kweli. Wako watahini wanaouliza fizikia mpya iko wapi katika tasnifu ya namna hii. Mimi naamini kwamba kuthibitisha ni kipande kipi kinachokizuia chombo kizima ni ugunduzi kamili, tena mgumu, kwa sababu hauonekani ukikichunguza kipande kimoja kimoja.

Kazi hiyo haifanyiki kwa mfuko mtupu. Uingereza ilitangaza mpango wa taifa wa teknolojia za kwanta mwaka 2013 kwa pauni milioni 270, na mkakati wa mwaka 2023 ukaahidi pauni bilioni 2.5 kwa miaka 10. Sehemu ya fedha hizo huenda kwenye vituo vya mafunzo ya uzamivu, kama kile cha kwanta cha Chuo Kikuu cha Bristol. Masomo katika vituo hivyo ni ya miaka minne, na mwaka wa kwanza mara nyingi ni wa kujifunza kabla ya kuchagua mradi. Ada hulipwa, na posho ya kitaifa kwa mwaka 2025/26 ilikuwa pauni 20,780. Tangu 2021 nafasi hizi ziko wazi hata kwa wanafunzi wa kigeni, ila wasizidi asilimia 30 ya wanaopokelewa, kwa hiyo ushindani ni mkali.

Kijana wa Dar es Salaam au Nairobi mwenye shahada ya umeme au mitambo asijiondoe mapema kwa kudhani nafasi hizi ni za wanafizikia peke yao. Aombe, na katika maombi yake aeleze kifaa alichokiunganisha kwa mikono yake, kilikosea kwa kiasi gani, na alijuaje kosa lilitoka kwenye kipande gani.